Miaka Mitatu na Bastola Kiunoni

Ilikuwa saa tano kasoro usiku, kwenye sheli moja ya barabara ya Bissonnet, kusini magharibi mwa Houston, jimbo la Texas, Marekani. Nilikuwa nimesimama kwenye pampu namba sita, macho yangu kwenye tarakimu zinazopanda, mawazo yangu kwenye hesabu za duka. Nyuma yangu nikasikia hatua za mtu anayekuja haraka, amevaa raba.

Nikageuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi kama mimi, kofia ya sweta imemfunika hadi kwenye nyusi, mikono yote miwili imezama kwenye mfuko wa mbele.

Mkono wangu wa kushoto ukapandisha shati. Wa kulia ukashuka kiunoni.

Sikukumbuka kuuamuru. Ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda usoni nzi akipita.

Kijana akasimama papo hapo, hatua kama nane kutoka nilipo. Akaitoa mikono mfukoni polepole, akafungua viganja, akaviacha usawa wa mbavu ili nivione. Ndipo akasema, kwa Kiswahili cha Kongo:

"Usiogope, papa. Motokari yangu imekatala kuwaka."

Alikuwa amesoma maandishi ya duka letu ubavuni mwa gari: sembe, dagaa, maharage, karibuni. Akaona hapa pana mtu wa lugha yake, akaja mbio kuomba msaada.

Nikashusha shati. Nikatoa waya za kubustia betri kwenye buti, nikasogeza gari langu karibu na lake, tukamaliza kazi kwa dakika kumi. Akanieleza kwamba wazazi wake ni watu wa Uvira, lakini yeye alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi pale Kasulu, Tanzania, kwa hiyo amekulia kwenye ardhi ya kwetu. Sasa anafanya kazi ya usiku ghalani. Alinishukuru mara mbili. Kuhusu shati, hakuna aliyesema neno.

Zimepita wiki sita. Nimejaribu kuliacha jambo hili lipite, nimeshindwa.

"Kwa nini ulilala chini?"

Wanaonifahamu wanajua tulivyovamiwa Machi 2022, sitarudia yote. Houston ina wizi mmoja ambao kila mwenye biashara ndogo anaujua. Mtu anakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya benki, anamwangalia anayetoka na bahasha, anamfuata taratibu hadi atakaposimama. Siku ile nilikuwa nimetoa fedha za kumlipa mtu wa mchele. Walinifuata hadi nyuma ya duka. Walikuwa wawili, mmoja na bastola. Akaniamuru nilale kifudifudi kwenye lami, nikalala. Wakachukua bahasha na simu, wakatupa funguo za gari kichakani, wakaondoka. Haikufika hata dakika moja.

Kitinda mimba wetu, Rehema, alikuwa na miaka minne. Alikuwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake cha nyuma, kioo kikiwa wazi.

Kuna jambo la siku ile ambalo sijamwambia mtu hadi wiki hii, nilipomwambia mke wangu. Nilipokuwa chini nilikuwa naomba. "Naomba, naomba jamani, nina mtoto." Kwa Kiswahili! Kiingereza chote cha miaka yangu ya Marekani kilinikimbia. Wale watu hawakuelewa hata neno moja. Aliyeelewa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Usiku, wakati namfunika shuka, Rehema akaniuliza: "Baba, kwa nini ulilala chini?"

Nikamwambia nilikuwa nimechoka.

Askari aliyekuja kuandika maelezo, kama dakika arobaini baada ya wale watu kuondoka, alikuwa mpole. Alipofunga daftari lake aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemshauri ndugu, kwamba ingekuwa vyema nitafute bastola.

Tangu hapo, kila aliyeniuliza kwa nini natembea na silaha nilimjibu kwa neno moja: familia. Na si uongo. Ningesimama mbele ya risasi kwa ajili ya watoto wangu, kama mzazi yeyote. Lakini miaka mitatu baadaye naweza kusema kwamba haikuwa hiyo sababu. Sababu ilikuwa lile swali. Nilikuwa nimeonekana na mtoto wangu nikiwa kifudifudi, nikiomba, na nilitaka kitu ambacho kingehakikisha haonani tena na baba wa namna ile.

Mafinga

Bunduki ya kwanza niliyoishika maishani ilikuwa SMG, kambi ya Mafinga, mwaka 1992, nilipokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Waliopita huko wanajua. Silaha ilikuwa na namba, na namba ile uliikariri kuliko jina la mama yako. Ililala kwenye ghala la silaha. Siku ya shabaha ulihesabiwa risasi mkononi, na baada ya kupiga kuruta wote tuliinama kwenye nyasi zenye baridi kutafuta maganda, kwa sababu idadi iliyotoka ilibidi irudi. Ganda moja likikosekana, hakuna anayekula.

Nilitoka Mafinga nikiamini kwamba silaha ni kitu cha umma ambacho mtu huazimwa kwa saa chache, chini ya macho ya watu wengine.

Huku Texas bastola niliipata kwa muda usiozidi kumpeleka mtoto kunyoa. Hapa mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Wenye visa za muda, kama za wanafunzi, kwa kawaida hawaruhusiwi, isipokuwa kwa masharti machache, na vijana wetu wa vyuoni walijue hilo kabla hawajashawishiwa na marafiki. Nilijaza fomu ya serikali kuu, ile wanayoiita 4473. Iliniuliza kama nimewahi kutiwa hatiani, kama natumia dawa za kulevya, kama nimewahi kulazwa kwa amri kwa ajili ya maradhi ya akili. Muuzaji akapeleka taarifa zangu kwenye ukaguzi wa FBI. Jibu lilirudi kabla sijamaliza kuangalia bei za mikanda.

Nikatoka na bastola ya milimita tisa ndani ya kisanduku cha plastiki, na risasi hamsini. Hakuna aliyesema nirudishe maganda.

Darasa la Jumamosi

Kisheria sikuhitaji leseni ya kuibeba. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi anaweza kutembea na bastola Texas bila kibali chochote, mradi sheria haimkatazi kumiliki silaha. Lakini mwanafunzi wa Mafinga hakuweza kukubali hivyo. Nikajiandikisha darasa.

Siku ya darasa ilikuwa Jumamosi, tarehe 28 Mei 2022.

Jumanne ya wiki ileile, kijana wa miaka 18 alikuwa ameingia katika shule ya msingi mjini Uvalde, hukuhuku Texas, akaua watoto 19 na walimu wawili. Tayari ilikuwa imejulikana kwamba polisi walikaa nje ya darasa zaidi ya saa nzima. Hesabu ya baadaye ilitoa dakika 77. Na wikiendi ileile chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilikuwa na mkutano wake wa mwaka katikati ya mji wetu, waandamanaji wakiwa ng'ambo ya barabara na picha za watoto.

Tulikuwa kama watu kumi na tano. Muuguzi wa zamu za usiku, mzee wa Kivietinamu mwenye duka la vito, mama wa Kinigeria na binti yake, wafanyakazi wawili wa visima vya mafuta. Mwalimu alituuliza kila mmoja kilichomleta. Yule muuguzi alisema: "Saa nzima nje ya darasa." Akakaa.

Naandika hili kwa sababu nyumbani tunapozungumzia Wamarekani na bunduki tunawazungumzia kama watu waliorukwa na akili. Waliokuwa darasani walikuwa na hofu zenye anwani. Kila mmoja alikuwa na usiku wake, na ndani ya usiku ule alikuwa amepiga simu na hakuna aliyefika. Siwezi kuwacheka. Mimi ni mmoja wao.

Kupiga shabaha kulikuwa rahisi: risasi 50, kwa umbali wa yadi tatu, saba na 15, na ukipata pointi 175 kati ya 250 umefaulu. Nilipata 238. Mwili haukuwa umesahau Mafinga.

Kilichobaki nami ni somo la sheria. Texas inakuruhusu kutumia nguvu ya kuua ukiamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima papo hapo ili kujilinda dhidi ya anayetaka kukuua, au kuzuia makosa makubwa kama unyang'anyi. Hilo nililielewa. Kisha mwalimu akatusomea kifungu cha 9.42, kinachoweza kumlinda anayeua ili kuzuia wizi wa mali wakati wa usiku, ikiwa anaamini kwa sababu za msingi kwamba mali ile haiwezi kulindwa wala kupatikana kwa njia nyingine. Mzee wa Kivietinamu akainua mkono, akauliza kama amesikia vizuri. Mwalimu akasoma tena.

Sheria hiyo naiona mbaya. Nimetoka kwenye nchi ambako mtu huitiwa mwizi sokoni, na kabla ya polisi kufika ameshakuwa maiti kwa sababu ya simu au kuku. Niliona hayo utotoni na sikuwahi kuyasahau. Kuyakuta yamepigwa chapa kitabuni, kwa lugha safi, kulinitisha kuliko bastola yenyewe.

Lakini nilitia sahihi karatasi zangu, nikalipa dola 40 za leseni, nikarudi nyumbani.

Upande wa kulia

Watu hudhani kubeba bastola ni kuwa nayo tu. Ni kuishi nayo kama mtu anavyoishi na kidonda cha nyonga.

Mashati yote nilinunua ya saizi kubwa zaidi. Mkanda ukawa mgumu, wa kushikilia ala. Nikajifunza kutoinama kuokota kitu bali kuchuchumaa, ili shati lisipande mgongoni. Hotelini nikawa nakaa pembeni, uso mlangoni. Nikasoma mabango ya milangoni kama mtu anayesoma dawa: hapa tangazo la 30.06, basi mwenye leseni haingii na silaha iliyofichwa. Hapa namba nyekundu ya asilimia 51, maana yake mapato mengi ya mahali hapa yanatokana na pombe inayonywewa papo hapo, ni kosa kubwa kuingia nayo. Shule, mahakama, posta, marufuku. Kila kituo unavua, unafungia ndani ya gari, unarudi, unavaa.

Na hofu nyingine ilikuwa juu ya hizo. Mimi si raia. Kosa la silaha ambalo mzaliwa wa hapa angelipia faini au kifungo kifupi linaweza kumtoa nchini mwenye grini kadi, moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, akiacha duka na watoto. Kitu nilichokibeba ili nisitenganishwe na familia yangu kilikuwa pia na uwezo wa kunitenganisha nayo.

Msikitini ndiko kulikokuwa kugumu. Tangu mauaji ya Christchurch ya Machi 2019, watu 51 katika misikiti miwili siku ya Ijumaa, misikiti mingi ya hapa haikai bila mlinzi mlangoni. Kamati yetu ilikuwa inaomba wenye leseni wapokezane. Nilikubali, na ile zamu ya mlangoni sijaijutia hata leo. Lakini Ijumaa zisizo zangu niliingia nayo kusali. Ukisujudu, chuma kinakuchoma nyonga. Paji la uso wangu liko chini kwa Mola wangu, nami nawaza kama shati limepanda.

Halafu Rehema.

Bastola ilikaa kulia. Mara ya kwanza aliponirukia nikiwa nayo, kichwa chake kiligonga kitako cha bastola. Hakuumia sana. Nikamwambia, kwa upole, kwamba akitaka kumkumbatia Baba aje upande wa kushoto. Watoto hujifunza upesi. Ndani ya wiki moja akawa anakuja mbio kutoka mlangoni, anafika karibu, anazunguka, anashika kushoto.

Nilifurahi kwamba ameelewa.

Falcon Heights

Mke wangu hakuwahi kunikataza. Aliniuliza swali moja tu, mwaka ule wa kwanza, akiwa anachambua mchele: "Baba Salimu, hiyo inakulinda na majambazi. Polisi wakikusimamisha inakulinda na nani?"

Alikuwa anamfikiria Philando Castile. Kwenye nyumba zetu jina hilo halihitaji maelezo marefu. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, mfanyakazi wa jikoni wa shule, miaka 32, alisimamishwa akiwa ndani ya gari. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Alimwambia askari, kwa adabu, kwamba anayo. Sekunde chache baadaye askari alifyatua risasi saba, tano zikampata. Kiti cha nyuma alikuwepo mtoto wa kike wa miaka minne, binti wa mchumba wake. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru yule askari.

Mtoto wa miaka minne, kiti cha nyuma.

Nilisimamishwa mara mbili katika miaka ile mitatu. Mara zote mbili nilizima gari, nikawasha taa ya ndani, nikaweka mikono juu ya usukani, nikasema nina leseni na silaha iko kulia, nikasubiri kuambiwa. Sheria ya hapa inamtaka mwenye leseni aliyebeba silaha aionyeshe leseni hiyo askari akimwomba kitambulisho. Askari wote wawili walikuwa na heshima. Mmoja alinitakia usiku mwema. Nami nilikaa kando ya barabara robo saa nzima baada ya yeye kuondoka, kwa sababu miguu haikuwa na nguvu ya kukanyaga mafuta.

Nikaona, mara ya pili ile, kwamba nilikuwa nimefanya kila kitu alichofanya Castile. Sikuwa nimefanya kingine chochote cha ziada.

Fomu haikuuliza

Hapa ndipo pagumu kuandika, na ni hapa ninapotaka wanaume wenzangu wasome polepole.

Baada ya kuvamiwa sikulala. Nasema miezi, si siku. Saa tisa za usiku niko sebuleni, taa imezimwa, nasikiliza magari. Nilikuwa nawapigia kelele wafanyakazi wa duka. Nilipungua kilo tisa. Kuna usiku nilifikiri watu wangu wangekuwa na nafuu bila mimi, na wazo lile lilipita kimyakimya kama mgeni anayejua njia.

Ni katika miezi hiyo nilinunua bastola.

Fomu iliniuliza kama nimewahi kulazwa kwa amri. Haikuniuliza kama nalala. Muuzaji hakuuliza, mwalimu hakuuliza, na askari aliyenishauri kwa nia njema hakuuliza. Mimi mwenyewe sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeweka akili yote kwa adui wa nje.

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao, 26,328 walijiua. Nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea mstari. Zaidi ya nusu! Kila darasa, kila tangazo, kila mazungumzo ya sheli yalinionyesha jambazi mlangoni. Kumbe katika nchi hii anayekufa kwa risasi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa amejipiga mwenyewe kuliko kupigwa na mtu mwingine.

Mimi nilipona kwa mambo madogo. Mke wangu aliamka usiku mmoja akanikuta sebuleni. Hakusema kitu, akakaa. Siku iliyofuata alimpigia simu rafiki yetu muuguzi, naye akanitafutia daktari. Pia alichukua ufunguo wa sefu, akakaa nao wiki tano. Nilikasirika sana. Leo namshukuru mbele yenu wote.

Kama unasoma hili nawe uko sebuleni saa tisa za usiku, mwamshe mtu. Na kama kuna chuma ndani ya nyumba, mpe mtu huyo ufunguo.

Gobore la babu

Baada ya usiku wa sheli nilimpigia mama, Handeni. Mama hajawahi kujua kwamba mwanawe anatembea na bastola. Nilitaka nianze kwa mbali, nikashindwa, nikamweleza yote tangu lami hadi yule kijana.

Alinyamaza hata nikadhani salio limekwisha.

"Imelala wapi sasa hivi?" akauliza.

"Kwenye sefu, mama."

"Rehema anapafikia?"

"Hapafikii."

Akarudi kunyamaza. Kisha akaanza kunisimulia habari za gobore la babu, ambazo nazijua, lakini nilimwacha. Lilikaa juu ya dari ya jikoni, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Baruti ilikaa nyumba nyingine. Lilishuka nguruwe pori walipoingia kwenye mahindi, likarudi juu mahindi yalipovunwa. Kijiji kizima kilijua lilipo, na babu asingeweza kulishusha bila watu kuuliza kuna nini.

"Babu yako alikuwa nalo miaka arobaini," mama akasema. "Sikumwona nalo sokoni hata siku moja."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliniuliza kama yule mtoto wa Kikongo ana mama. Nikasema anaye. "Mwambie nimemsalimu," akasema, kana kwamba mimi na yule kijana ni marafiki.

Maelezo ambayo ningeandika

Kinachonirudisha kwenye sheli kila siku ni hiki. Nimejiuliza kama ningepiga, ningeandika nini kwenye maelezo ya polisi.

Usiku. Kijana mrefu, simfahamu. Amefunika uso hadi nyusi. Anakuja haraka kutoka nyuma. Mikono yote miwili imefichwa. Niliwahi kuvamiwa kwa silaha. Niliamini maisha yangu yako hatarini.

Kila neno hapo ni kweli. Ningeapa kwa msahafu. Na huenda ningeaminiwa, kwa sababu kila sentensi inaingia kwenye sheria kama ufunguo kwenye kufuli. Ila hakuna hata sentensi moja inayomgusa yule kijana mwenyewe, aliyekuwa na baridi, aliyekuwa anachelewa kazini, aliyeona neno "karibuni" kwenye gari la mtu.

Najua jibu la wenzangu wa darasani, kwa sababu ni jibu langu pia: je, angekuwa jambazi? Mnamo Desemba 2019, kanisani White Settlement, Texas, mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili, na mlinzi wa kujitolea, Jack Wilson, alimwangusha kwa risasi moja. Yote yalichukua sekunde sita. Bila mzee yule pangekuwa na majeneza mengi. Siwezi kumwambia mtu aliyekuwa kwenye benchi lile kwamba silaha haina kazi. Lakini Wilson alikuwa mwalimu wa shabaha wa miaka mingi, na alikuwa amesimama pale kwa kazi ile, anamwangalia mtu yule tangu alipoingia. Mimi nilikuwa naweka mafuta.

Kwa sasa

Sijaiuza. Naandika hivyo ili nisijipambe.

Iko kwenye sefu, risasi kando. Ufunguo mmoja ninao mimi, namba za siri anazo mke wangu, na ili kufungua vinatakiwa vyote viwili. Zamu yangu ya Ijumaa mlangoni msikitini naendelea nayo, na siku hiyo naibeba, kisha inarudi. Benki nakwenda saa nne asubuhi, pamoja na jirani yangu wa duka la nguo. Tunapokezana kusindikizana, na mtu wa mchele sasa tunamlipa kwa simu. Ni mambo ambayo ningeweza kuyafanya tangu Machi 2022. Sikuyafikiria, kwa sababu hakuna hata moja kati yake lililojibu lile swali la Rehema.

Wiki iliyopita nilimjibu. Sasa ni msichana wa shule, anasoma vitabu vinene. Nilimwambia siku ile sikuwa nimechoka. Niliogopa, nikalala chini kwa sababu nilitaka kubaki hai. Akasema, "Najua, Baba. Ulikuwa unasema naomba." Akarudi kwenye kitabu chake.

Yule kijana alikuja dukani mwezi huu, kununua dagaa na unga wa muhogo kwa ajili ya mama yake. Nilimwita pembeni, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Aliniacha nikafika katikati.

"Niliona mkono, papa," akasema. "Ndiyo maana nilisimama."

Nikampa salamu za mama. Akazipokea kwa mikono miwili, kama watu wa Kigoma wanavyopokea, akauliza mama yuko wapi na anaumwa nini, kwa kuwa mtu akitumiwa salamu za mzee wa mbali hudhani kuna ugonjwa. Nikampimia dagaa kilo mbili.

Jioni nilifunga duka mapema, nikarudi nyumbani kiunoni pakiwa patupu. Rehema akasikia mlango, akaja mbio kutoka chumbani. Nilikuwa nimefungua mikono yote miwili.

Alipofika karibu akazunguka, akashika kushoto.